Kihisi cha Uzi wa Mwanga Ndani ya Kompositi: Dalili, Chanzo na Dawa Yake

Uzi wa mwanga (faiba) ukishafunikwa kwa vitambaa vya kaboni au glasi, mfuko wa ombwe ukafungwa juu yake na resini (gundi ya majimaji inayoganda) ikaingia, huwezi tena kuugusa. Unabaki na kile unachokiona kwenye skrini. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye skrini: umeona nini, umekiona wakati gani wa kazi, na kinatokana na nini.

Tunazungumzia vihisi vya aina mbili. Cha kwanza ni gretingi ya Bragg: kipande kifupi cha uzi, kwa kawaida milimita 1 hadi 10, ambacho kiini chake kimeandikwa mistari midogo inayojirudia kwa mwanga wa urujuanimno. Kenneth Hill na wenzake waligundua Kanada mwaka 1978 kwamba mwanga unaweza kuandika gretingi ndani ya uzi. Gretingi hurudisha wimbi moja tu la mwanga, na urefu wa wimbi hilo hubadilika uzi ukivutika, ukibanwa, ukipata joto au ukipoa. Karibu na nanomita 1550, mvuto wa maikrostreni 1 (yaani sehemu moja kwa milioni ya urefu) husogeza wimbi takriban pikomita 1.2, na badiliko la 1 °C hulisogeza takriban pikomita 10. Andika namba hizo mbili ukutani, juu ya meza ya kazi.

Cha pili ni rahisi zaidi: ncha ya uzi iliyokatwa vizuri na kuachwa wazi ndani ya kitambaa. Unapima mwanga unaorudi kutoka kwenye ncha hiyo. Hewa hurudisha karibu 3.4% ya mwanga. Resini hurudisha sehemu ya asilimia tu. Kwa hiyo unajua saa resini ilipofika, na baadaye unaweza kufuatilia jinsi inavyoiva.

Jambo moja kabla ya dalili zenyewe: hifadhi spektra nzima (grafu ya mwanga unaorudi kwa kila urefu wa wimbi, ambamo kila gretingi huonekana kama kilele), usiridhike na namba ya kilele. Mashine nyingi za kusoma hukupa safu moja ya namba kwa kila kihisi, na namba hiyo huendelea kutoka hata pale ambapo haina maana yoyote. Hifadhi spektra kabla ya kulaza uzi, baada ya kuvuta ombwe, resini inapoganda, mwisho wa joto, na baada ya kupoa. Bila picha hizo, karibu kila swali lililo hapa chini litakuwa la kubahatisha.

Hakuna mwanga unaorudi kabisa

Swali la kwanza ni lini. Ishara ikifa kabla hujavuta ombwe, kagua konekta (kichwa cha kuchomekea uzi) kwanza. Uchafu kwenye uso wa konekta ndio chanzo kinachoongoza, na kwenye chumba ambako watu wanakata kitambaa cha glasi na kusaga kingo, vumbi liko kila mahali. Safisha kwa kalamu ya kusafishia au kwa kitambaa kisicho na nyuzi chenye alkoholi ya isopropili, kisha tazama kwa hadubini ya konekta. Usifute kwa shati. Angalia pia rangi: konekta ya kijani imesuguliwa kwa mshazari wa digrii 8, ya buluu haina mshazari huo. Ukizichomeka pamoja zinaacha nafasi katikati, mwanga mwingi unapotea, na unaweza pia kuchubua nyuso zote mbili. Anayefunga intaneti ya faiba majumbani Dar es Salaam au Nairobi anazijua konekta hizi kwa macho. Ukikosa mtu wa kukusaidia kwenye maabara, mwite huyo. Mashine yake ya splaisi (ya kuunganisha nyuzi) na kifaa chake cha kukatia uzi ndivyo vile vile unavyovihitaji.

Ishara ikifa wakati wa kuvuta ombwe au muda mfupi baadaye, nenda moja kwa moja pale uzi unapoingia kwenye kipande. Uzi wa mwanga una kipenyo cha maikromita 125 bila koti. Ndani ya lamineti (matabaka ya kitambaa yaliyoshikwa na resini) umeshikwa vizuri pande zote, nje yake uko huru. Katikati, kwenye mstari wa ukingo, ndipo unapopinda kwa ghafla mfuko unapobana. Hapo ndipo unapokatikia. Tumia taa nyekundu ya kutafutia hitilafu (nanomita 650). Kwenye kipande cha glasi, zima taa za chumba na utaliona doa jekundu liking'aa hata kupitia tabaka kadhaa, mahali hasa uzi ulipovunjika. Kwenye kaboni hutaona kitu, kwa sababu kaboni inameza mwanga wote; utaona tu kama uvunjikaji uko nje ya ukingo.

OTDR ya kawaida ya mafundi wa mitandao (kifaa kinachotuma mapigo ya mwanga na kupima umbali hadi hitilafu) haikusaidii sana hapa. Imetengenezwa kwa kilomita, na eneo lake lisiloona baada ya konekta linaweza kuwa refu kuliko kipande chako chote. Ukiweka uzi mrefu wa kuanzia itakuambia kwamba mwanga unaishia karibu na kipande. Haitakuambia kama umekatika ukingoni au sentimita kumi ndani.

Dawa ya ukingo ni mrija mdogo wa PTFE (tefloni) unaoanza sentimita mbili au tatu ndani ya kitambaa na kutoka nje hadi kupita tepu ya kuzibia. Wengine huongeza juu yake mrija unaosinyaa kwa joto. Mrija usiishie mstarini kabisa na ukingo, maana hapo utakuwa umeuhamisha mpindo tu bila kuuondoa. Na kama kipande kitakatwa kingo baada ya kutoka kwenye kalibu, uzi unaotokea ubavuni utakatwa na msumeno pamoja na ukingo. Panga mapema utokee sehemu isiyokatwa, au upitie juu ya uso wa kipande.

Kuna kinga nyingine ya bei nafuu ambayo wengi wanaiacha: toa uzi pande zote mbili. Gretingi inasomeka kutoka upande wowote. Mwingilio mmoja ukifa, unahamia mwingine.

Ishara ikifa wakati wa kutoa kipande kwenye kalibu, mara nyingi resini imefurika ukingoni, imeufunga mrija wenyewe na kuugeuza kijiti kigumu. Fundi anapovunja resini iliyozidi kwa patasi, anauvunja na uzi. Zuia kwa kupaka mrija nta ya kuachisha upande wa nje, na mtu aliyeulaza uzi ndiye aushike wakati kipande kinatoka.

Ombwe halishiki, au viputo vinafuata mstari wa uzi

Mara nyingi lawama huenda kwenye tepu ya kuzibia, na tepu haina kosa. Hewa inapita ndani ya mrija wa PTFE, kati ya mrija na uzi. Umejenga mfereji kutoka chumbani hadi katikati ya kitambaa. Ziba ndani ya mrija kwa tone la silikoni au kwa kipande chembamba cha tepu hiyo hiyo kilichofinyangwa kuzunguka uzi, kisha ndipo uubane mrija ndani ya tepu ya mfuko, tepu chini na tepu juu. Fanya jaribio la kushuka kwa ombwe ukiwa umeshaweka nyuzi zote, kamwe usilifanye kabla. Viputo vilivyoganda vikiwa vimejipanga kwa mstari ulionyooka sambamba na uzi, vikianzia ukingoni, havihitaji uchunguzi zaidi ya huo.

Wimbi linasogea wakati wa kupasha joto, na kila mtu anasema "resini inasinyaa"

Hapa ndipo makosa ya gharama kubwa yanapotokea, kwa sababu namba inaonekana nzuri kabisa na inaingia kwenye ripoti.

Chukua kipande kinachopashwa kutoka 25 °C hadi 120 °C. Joto peke yake linasogeza wimbi takriban pikomita 950. Ukiigawa namba hiyo kwa 1.2 utapata karibu maikrostreni 790 za mvuto ambao haupo. Kosa la 1 °C tu kwenye joto unalolitumia kusahihisha linakugharimu maikrostreni 8 hivi. Sasa fikiria unatumia kipimajoto kilichobandikwa kwenye kalibu, wakati kihisi kiko katikati ya lamineti nene ambayo resini yake inazalisha joto lake yenyewe. Katikati panaweza kuwa pamoto kuliko kalibu kwa makumi ya digrii. Kipimajoto cha kurekebisha kinatakiwa kiwe kwenye kina kile kile cha kihisi, karibu nacho.

Njia inayotumika sana ni kuweka gretingi ya pili ndani ya kapilari (mrija mwembamba sana) ya glasi au chuma, ili isiguswe na resini na isome joto peke yake. Inafanya kazi, ila ina ugonjwa wake: resini inanyonywa ndani ya kapilari. Kabla ya resini kuganda hutajua chochote. Baada ya hapo, gretingi ya joto inaanza kusoma streni (mvuto au mbano), na wewe unaiondoa streni hiyo kwenye kihisi kingine ukidhani unaondoa joto. Dalili yake ni hii: wakati wa kupasha, gretingi ya kapilari na kipimajoto cha kawaida vinakwenda pamoja; wakati wa kupoa, vinaachana. Ncha ya ndani ya kapilari izibwe kabisa, na upande uzi unapoingilia uzibwe kwa gundi inayostahimili joto la kazi. Uzi ubaki umelegea ndani. Uzi uliovutwa kama kamba ya gitaa unasoma mrija, hausomi joto.

Halafu kuna sifuri. Resini ikiwa bado majimaji haiwezi kuuvuta uzi, inauteleza. Streni yoyote inayotokana na resini huanza pale resini inapoganda na kuushika uzi, kwa hiyo sifuri ya streni iwekwe hapo, usiiweke mwanzo wa rekodi. Kama kuna msogeo mkubwa kabla ya kuganda ambao joto haliuelezi, tazama jinsi ulivyoufunga uzi. Ukiubandika pande mbili kwa tepu kwenye kalibu ya alumini, kalibu inapopata joto inauvuta. Alumini hutanuka takriban sehemu 23 kwa milioni kwa kila digrii. Kwa kupanda 100 °C hizo ni zaidi ya maikrostreni 2,200, karibu nanomita 2.7. Watu wameandika kurasa nzima kuhusu tabia ya resini ambayo kumbe ilikuwa tabia ya kalibu. Bandika upande mmoja tu, upande wa pili acha uzi ulegee kidogo.

Kilele kimegawanyika mara mbili, au kimepanuka

Uzi uliobanwa kutoka pande zote kwa usawa hurudisha kilele kimoja. Ukibanwa zaidi kutoka juu na chini kuliko kutoka kando, mwanga wa pande mbili za polarisheni (mwelekeo ambao mwanga unatikisika) unaona njia mbili tofauti kidogo, na vilele vinakuwa viwili. Wakati wa kutokea kwake unakuambia chanzo. Kikigawanyika mara tu ombwe au shinikizo la otoklevu (oveni yenye shinikizo) linapoingia, uzi umelala juu ya makutano ya kitambaa au unakatiza nyuzi za kaboni badala ya kwenda nazo. Kikigawanyika wakati wa kupoa, kihisi kinakuambia ukweli: lamineti inasinyaa tofauti kwa pande tofauti na inaufinya uzi. Hiyo ni data, usiitibu.

Tatizo ni mashine ya kusoma. Programu yake imeambiwa itafute kilele kirefu zaidi. Vilele viwili vikiwa karibu sawa kwa urefu, inaruka kutoka kimoja hadi kingine, na wewe unaona mistari ya ngazi kwenye grafu, juu chini juu chini, ambayo haina uhusiano na kipande. Fungua spektra uhakikishe, kisha fuatilia kila kilele peke yake. Njia ya kutumia kitovu cha eneo la spektra inalainisha grafu, lakini inaficha mgawanyiko wenyewe. Itumie ukijua unachokipoteza.

Kupanuka bila kugawanyika ni suala jingine. Maana yake mvuto haulingani kutoka mwanzo hadi mwisho wa gretingi. Gretingi ya milimita 10 juu ya kitambaa kilichofumwa kwa marudio ya milimita chache hupanda na kushuka na mfumo huo, kila sehemu yake ikirudisha wimbi lake. Tumia gretingi fupi zaidi, ukikubali kwamba kilele chake kwa asili ni kipana, au laza uzi kati ya matabaka ambayo nyuzi zake zimenyooka upande mmoja, sambamba nazo. Kulaza sambamba kuna faida nyingine. Nyuzi za kaboni zina maikromita 5 hadi 8. Uzi wa mwanga ni jitu kati yao. Ukikatiza, nyuzi hulazimika kupanda juu yake na kuacha mfuko wa resini pande zote mbili, wenye umbo la jicho. Kata kipande cha majaribio, kisugue, utazame kwa hadubini, utaliona jicho hilo waziwazi. Kwenye sehemu inayobeba mzigo mkubwa usilikaribishe.

Vihisi viwili vimebadilishana namba

Kwenye uzi mmoja wenye gretingi nyingi, kila moja ina nafasi yake kwenye spektra. Mashine haijui ipi ni ipi. Inahesabu vilele kwa mpangilio au kwa dirisha ulilolichora. Kwa lamineti inayoivishwa 180 °C kutoka joto la chumba, joto linasogeza wimbi takriban nanomita 1.5, na maikrostreni 1,000 zinaongeza 1.2 nyingine. Ukiziweka gretingi nanomita 2 mbalimbali, iliyo kwenye sehemu ya moto itampita jirani yake. Acha nanomita 4 au 5 kati yao na uchore madirisha kwa kufikiria joto la mwisho. Kama umeshachelewa, spektra ulizohifadhi zinaweza kukuokoa: fuatilia vilele kwa macho, picha moja baada ya nyingine.

Nguvu ya mwanga inashuka polepole

Mipindo midogo midogo. Kitambaa kinaubana uzi katika sehemu nyingi na kila moja inavujisha kidogo. Kwa gretingi hili si janga, maana unasoma urefu wa wimbi na si nguvu. Utaendelea hadi kilele kizame kwenye kelele. Kwa kihisi cha ncha ni janga kamili, kwa sababu nguvu ndiyo kipimo chenyewe. Weka ncha ya pili ya rejea inayopita njia ile ile bila kugusa resini, au tumia uzi uliotengenezwa kuvumilia mipindo.

Kihisi cha ncha hakikushuka resini ilipofika

Ama resini haikufika, ama kiputo kimekaa juu ya ncha. Ishara ikishuka ghafla kisha ikapanda tena karibu na kiwango cha hewa, hicho ni kiputo kinachopita, na hiyo yenyewe ni habari nzuri ya kujua kuhusu mtiririko wako. Ikishuka nusu nusu tangu mwanzo, tazama ukataji: ncha iliyokatwa kwa mshazari au yenye mchubuko hairudishi asilimia 3.4 hata kwenye hewa. Pima kila ncha hewani kabla ya kuilaza, ukiona imepungukiwa, kata tena.

Kusoma kuiva kwa njia hii kunahitaji akili. Resini inapoiva, kipimo chake cha kupinda mwanga kinapanda takriban 0.03. Lakini kila digrii ya joto inakishusha karibu 0.0004 resini ikiwa majimaji. Ukipasha kwa 60 °C, joto limekula karibu mabadiliko yote ya kuiva. Bila joto la mahali pale pale, mstari wa grafu unaweza kushuka wakati resini inaiva vizuri kabisa. Na mstari ukitulia, usitangaze kwamba imeiva: resini inapofikia hali ya kioo mwendo wake unakuwa mzito sana, inasimama kabla haijamaliza. Pandisha joto na utaona inaendelea.

Wimbi halirudi lilipokuwa baada ya kupoa, hata kwa uzi ulio huru

Mambo mawili. Koti la akrilati, lile la uzi wa kawaida wa simu, limekusudiwa takriban 85 °C. Kwenye oveni ya 180 °C linalainika na kuharibika, na streni haifiki vizuri kwenye glasi. Kwa joto hilo tumia poliimidi. Pili, gretingi mpya ambayo haijawahi kupashwa hupoteza sehemu ya maandishi yake mara ya kwanza inapopata joto, na wimbi lake linahama bila kurudi. Ipashe kabla ya kazi, juu kidogo ya joto utakalolitumia, mpaka itulie.

Kwa wanaofanya kazi Mombasa, Zanzibar au Muscat kuna nyongeza: poliimidi inanyonya unyevu na kuvimba, na inavuta uzi pamoja nayo. Ukichukua kipimo cha rejea asubuhi chumba kikiwa kimejaa unyevu, kisha ombwe likakausha kitambaa kwa saa kadhaa, wimbi litahama pikomita kadhaa bila joto wala mzigo. Chukua rejea baada ya ombwe kutulia. Unyevu huo huo unaharibu vigumishi vya amini vya epoksi kopo likiachwa wazi, lakini hilo ni la mpishi wa resini.

Namba zimeruka kipande kilipotoka kwenye kalibu

Hii mara nyingi si hitilafu. Kalibu ilikuwa imekishika kipande kisisinyae kinavyotaka. Kikiachiwa, msongo uliofungwa ndani unatoka kwa sekunde chache, na kipande kinaweza hata kujipinda machoni pako. Ili uweze kutofautisha mruko huo na uzi uliochubuka, soma mara tatu kwenye joto la chumba lile lile: kikiwa kimepoa ndani ya kalibu, mara kinapotoka, na siku inayofuata. Mruko wa kweli unabaki, vihisi vya jirani vinaufuata kwa mwelekeo unaoeleweka, na kilele kinabaki na umbo lake. Kilele kimoja kikishuka urefu na kupanuka peke yake huku jirani zake wametulia, rudi ukingoni na taa nyekundu.